Sukari ya Ukumbi wa Karabini

Jikoni, kwenye matanga ya Kashindi kule Makobola, mwanamke nisiyemfahamu alinijazia kikombe cha chai. Kabla hajachota sukari, mwingine aliyekaa karibu na mafiga akamshika mkono. "Uyo mama usimutilie sukari," akamwambia. "Uyo ni Mama Amani wa Uvira. Hakunywaka sukari, iko na ugonjwa." Sina ugonjwa wowote wa sukari. Daktari alinipima mwaka jana akaniambia damu yangu ni ya msichana, nami nikamrudia mume wangu na habari hiyo mara nyingi kuliko alivyotaka kuisikia. Lakini ni kweli sinywi chai yenye sukari, na wanangu wamekua wakijua kwamba kikombe cha mama hakikorogwi. Nilipokea chai yangu chungu, nikakaa kwenye kigoda, nikawa naangalia mlango wa chumba alimokaa mjane. Mjane ni Mapendo, binti wa mama yangu mdogo. Aliyekufa ni mume wake, na mwaka ule ninaotaka kuusimulia nilitamani awe wangu.

Habari za ukoo nitaziruka, maana kila mtu ana ukoo na zote zinafanana. Nianzie chumbani. Nilikuwa nimemaliza sekondari na kupata diploma, na kazi hakuna, nikawa ninaishi kwa shangazi yetu mtaa wa Mulongwe, chumba kimoja na Mapendo, kitanda kimoja, chandarua kimoja chenye viraka. Dirisha lilitazama jikoni, kwa hiyo tuliamka na harufu ya ndagala, dagaa wa ziwani, na kulala na harufu ya ndagala. Nilimzidi Mapendo miaka miwili, naye akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa heshima zote, na heshima hizo ndizo zilizoniudhi, kwa sababu alikuwa mzuri bila kujitahidi. Mimi nilipaka mafuta, nikasuka, nikakaza kiuno cha kitenge. Yeye alitoka kuoga na kanga imelowa mgongoni, na vijana waliokuja kuuza makaa wakasahau bei. Hakuwa mbaya wa roho. Laiti angekuwa mbaya wa roho, ningepumzika.

Kazi niliipata kwa Papa Wilondja, dereva mstaafu aliyekodi ghala la zamani la pamba, kwenye barabara ya kwenda Kalundu, na kufungua humo ukumbi wa kupigia shabaha, salle kama watu walivyouita. Alikuwa ameleta kutoka Bujumbura karabini tatu za upepo, zile zinazotumia vipande vidogo vya risasi tunavyoviita plombi. Makopo matupu ya tomato yalining'inizwa kwa kamba upande wa mwisho, na nyuma ya makopo tukapanga ukuta wa magunia ya pumba za mpunga kutoka kwenye vinu vya Kiringye. Pumba humeza plombi kimya kimya. Jirani walipoona karabini zinashushwa walikwenda kwa chefu wa mtaa, na chefu akaja mwenyewe, akasimama nje ya mlango uliofungwa huku Papa Wilondja akifyatua ndani. Kilichosikika kilikuwa kama mtu anapiga kofi paja lake. Chefu akacheka, akaruhusu, kwa sharti kwamba mlango ukae umefungwa wakati wa kupiga na asiingie mtu mwenye silaha yake.

Mtu wa mbali anaweza kuuliza ni kichaa gani kilichowafanya watu wa kwetu, tuliokimbia milio hiyo tangu tukiwa migongoni mwa mama zetu, watoe faranga zao kwenda kushika bunduki. Mimi mwenyewe niliwauliza. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinijibu huku akilenga, "Siku yote minye niko mbele yake. Leo acha nikuwe nyuma." Mama mmoja muuza samaki wa mikebuka alilipa, akaishika karabini, akaiangalia kutoka kitako hadi mdomo, akairudisha mezani bila kufyatua, akasema ni kitu kidogo sana, na wala hakudai hela zake. Wengine walikuja kwa ajili ya zawadi tu: aliyeangusha makopo yote matano kwa plombi tano alipata sabuni au kilo ya sukari, na mwisho wa mwezi kitenge. Na karibu wote walilalamika juu ya bei. Plombi tano zililingana na sahani ya wali na maharage, na hakuna aliyeshiba plombi. "Papa, bei yako inaua kuliko bunduki yako," walimwambia. Waliokosa waliapa kwamba karabini zimepindishwa makusudi ili sukari isitoke. Papa Wilondja angechukua ile ile, akaangusha kopo bila hata kuketi vizuri, akairudisha. "Iko sawa," angesema. "Macho yako ndjo iko upande."

Kazi yangu ilikuwa usalama. Nilipenda neno hilo, nilipokuwa nikiulizwa nafanya nini nilisema niko mkuu wa usalama, na shangazi akacheka hadi akakohoa. Kanuni zilichorwa ukutani kwa rangi nyekundu, nami niliwasomea wateja kwa sauti kabla ya kila zamu, kwa kuwa wengi hawakusoma na waliosoma hawakujali. Mdomo wa karabini hutazama magunia tu, hata ikiwa tupu. Kamba iliyozungushwa mahali pa kupigia haivukwi mpaka niseme kamba wazi. Mwenye pombe kichwani arudi kesho. Kila mpigaji ataje kwanza anampigia nani, na jina likishatajwa halibadilishwi, zawadi ni ya aliyetajwa. Kanuni hii ilitokana na wanaume wawili waliopigania sabuni moja. Mfanyakazi wa ukumbi hapigi wala hapigiwi. Hiyo nayo ilitokana na kijana aliyenitangulia kazini, ambaye kaka zake walimpigia yeye hadi stoo ya sukari ikabaki tupu. Niliyasoma hayo yote kwa pumzi moja, kama matangazo ya kanisani, na sikumbuki kama kuna siku niliyasikia mwenyewe. Kisha niliwafunga miwani. Tulikuwa na jozi mbili tu za miwani ya plastiki ya maseremala, na mikanda yake ilikatika zamani, nikaweka mpira wa tyubu ya baiskeli. Jozi moja ya mpigaji, nyingine ya msimamizi. Ili kuifunga ilinibidi nisimame nyuma ya mteja na kukaza fundo kisogoni pake.

Kwa njia hiyo nilikijua kisogo cha Kashindi kabla sijaujua vizuri uso wake. Alikuwa fundi wa mota za mitumbwi pale bandarini, mtu wa Makobola, mwenye mikono mikubwa iliyonuka petroli hata akiisugua na majivu. Alikuja Jumamosi mchana. Hakulalamika juu ya bei, jambo lililomfanya Papa Wilondja ampende kama mwanawe, na hakuwa na maneno mengi. Nilipomfunga miwani aliinama kidogo, kwa sababu mimi ni mfupi, akabaki ameinama hata baada ya fundo kwisha. Ndipo akasema jambo ambalo angelisema kila Jumamosi tangu siku ile. "Na weye vaa yako." Nikamwambia mimi nasimama pembeni, miwani inanitoa jasho. "Vaa kwanza. Minye sipige mupaka uvae." Nikavaa. Nikamuuliza, kama ilivyokuwa kazi yangu, "Unapigia nani?" Akatazama ukuta wa kanuni, akatazama benchi karibu na mlango, ambako Mapendo alikuwa amekaa akinisubiri tutoke pamoja kwenda sokoni. "Napigia Mapendo," akasema. Akaangusha makopo matano.

Sijui kama nimewahi kuchukia kitu kama nilivyokichukia kile kipande kidogo cha sabuni ya bluu. Mapendo alikiweka kwenye sahani ya chumbani kwetu, akasema, "Yaya, tutumie." Nilioga kwa majivu juma zima. Jumamosi iliyofuata ikawa sukari. Akapiga tena, akamtaja tena, na mimi ndiye niliyekwenda stoo kuichukua ile kilo na kumkabidhi mdogo wangu mbele ya watu wanaopiga makofi, nikitabasamu hadi mashavu yakauma. Asubuhi shangazi alichemsha chai, Mapendo akanisogezea kopo la sukari. Nikalisogeza nyuma. "Nimeacha," nikasema. "Tangu lini?" shangazi akauliza. "Tangu leo." Shangazi, ambaye aliona mambo mengi na kusema machache, alinitazama, akanyanyua kopo, akajitilia vijiko vitatu. "Wivu haina vitamini," akasema, akanywa. Mapendo alikuwa ameinamia mkate wake. Nilidhani anaficha furaha.

Nilikuwa na wivu wa kila aina mwaka ule, na nausema bila aibu, kwa kuwa umri umeshanipa ruhusa. Niliona wivu kwa benchi kwa sababu Kashindi aliliangalia. Niliona wivu kwa Mapendo akilala, kwa pumzi zake nyepesi, kwa vile hakuwa na cha kumkosesha usingizi. Hata kile kisogo nilikionea wivu, kwamba kiko karibu na mawazo ambayo mimi siyafikii. Nilikaza fundo la miwani kupita kiasi ili angalau aumie kidogo. Hakuumia, au aliumia akanyamaza, maana nilipolifungua lile fundo ngozi ilikuwa na alama, naye alisema tu, "Aksanti, Riziki." Jina langu alilitamka taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani. Nikaenda nyumbani na hilo jina, nikalitafuna njia nzima, halafu nikamkuta Mapendo anakunja kitenge kipya alichopigiwa mwisho wa mwezi, cha njano chenye ndege, na akaniambia twende tukikate mara mbili tushone sare. Nilimwambia mimi na ndege hatupatani.

Wakati wa kiangazi wachoma matofali walihitaji pumba za tanuri na bei yake ikapanda. Papa Wilondja, ambaye wateja wake walikuwa wanapungua kwa kulalamikia gharama, aliona magunia yetu yamekaa bure ukutani. Akayauza nusu, akaweka mabati mahali pake. Nilimwambia plombi itarudi. Akanijibu kwamba plombi ni kitu kidogo, haijui njia ya kurudi. Jumamosi ile Kashindi alipiga mbili, ya tatu ikapita kopo na kugonga bati. Nilisikia mlio mkali karibu na sikio, na kioo cha miwani yangu, upande wa kushoto, kikapasuka kutoka juu hadi chini. Sikuumia hata mkwaruzo. Mapendo alipiga yowe kutoka kwenye benchi, nyuma yangu kabisa. Kashindi aliweka karabini mezani, mdomo kuelekea magunia, kama inavyotakiwa, kisha akavuka kamba bila ruhusa yangu na kwenda moja kwa moja kwa Papa Wilondja. Sijawahi kumsikia mtu mkimya akipiga kelele namna ile.

"Utaua mutoto ya watu juu ya magunia ya pumba?" alisema. "Minye nakulipa kila juma, sijasema kitu juu ya bei. Rudisha pumba!"

"Weye ni muteja ao ni inspekta?" Papa Wilondja akamjibu. "Hakuna mwenye ameumia."

"Kama hakukuwa na miwani ingekuwa nini? Sema!"

"Toka kwa salle yangu. Usirudi."

Akatoka. Mlangoni alisimama karibu na benchi, akatazama ndani, na mimi nilikuwa nimeshika ile miwani iliyopasuka, nikaona amesimama kando ya Mapendo, na Mapendo analia, na mkono wake mkubwa uko begani kwa Mapendo. Hiyo ndiyo picha niliyoichukua. Mutoto ya watu alikuwa Mapendo, aliyekaa kwenye njia ya plombi. Ingekuwaje iwe vingine?

Kwa kuwa alifukuzwa ukumbini, akaanza kuja nyumbani. Alikuja mchana, amevaa shati lililopigwa pasi, akakaa sebuleni kwa shangazi na kunywa maji polepole. Nilijifungia jikoni kutwanga sombe, majani ya muhogo, hata siku ambazo hatukuwa na sombe ya kutwanga. "Mapendo, mugeni wako amefika!" nilipaza sauti makusudi ili asikie ninavyojua kushindwa kwa adabu. Mara ya kwanza aliomba anisalimu. Nikatuma neno kwamba mikono yangu ni michafu. Mara nyingine alileta samaki wa kwao, akauliza, "Na Riziki?" na mimi nikajibu kupitia dirishani, "Riziki iko na kazi." Mapendo alikaa naye kwa sababu mtu lazima akae na mgeni. Nilisikia mazungumzo yao kupitia ukuta: mota iliyokataa kuwaka, upepo wa ziwani, dada yake aliyejifungua. Mwanzoni kulikuwa na kimya kirefu katikati ya maneno. Kisha kimya kikawa kifupi. Kisha nikasikia Kashindi anacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia ukumbini, nikaacha kutwanga. Kabla mwaka haujaisha wazee wa Makobola walikuja na kreti za soda na maneno matamu, na mimi ndiye niliyewapikia.

Mimi pia niliolewa. Baba Amani ni mtu mwema, mwaminifu, anayekoroma, na sina cha kumdai. Ukumbi ulifungwa, ghala likawa kanisa, na sasa wanaimba pale nilipokuwa nafunga miwani. Mapendo na mimi tuliendelea kutembeleana kama ndugu, sikukuu na misiba, na kila nilipoona ile nyumba yao ya matofali na ile mikono ikibeba mtoto, niliomba chai. Nilikunywa chai yangu chungu mbele yao miaka yote. Nilitaka waone.

Basi siku ile ya matanga msichana alitoka chumbani kwa mjane, akaniambia naitwa. Niliingia na kikombe changu mkononi. Mapendo alikuwa kwenye mkeka, amefunga kitambaa cheupe, uso umevimba, bado mzuri. Hata msiba haukumnyima. Wanawake wakatupisha, akabaki bibi mmoja aliyesinzia. Mapendo alikitazama kikombe.

"Yaya, mupaka leo unakunywa chai bila kitu?"

"Nimezoea."

"Ile sukari haikukuwa yangu," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani ni uchovu wa kulia.

"Weye ndjo ulikuwa unasoma ile kanuni," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Kila siku, kwa kelele. Mufanyakazi wa salle hapige, hapigiwe. Sasa angekupigia weye namna gani? Akatafuta jina ya mwenye mulikuwa mnalala chumba moja. Siku ya sabuni ya kwanza aliniambia, 'Mutatumia wote wawili, eh?' Aliniuliza mara mbili."

Nilikaa chini. Mbele yangu niliuona ukuta wenye maandishi mekundu na Kashindi akiutazama kabla ya kutazama benchi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikiisoma kanuni ile, safi, kila neno mahali pake.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua. Kwanza nilizania na weye unajua, unamukataa tu. Na yeye alizania vile: huyu ndjo anasoma kanuni, anaelewa, lakini hanitaki. Alikuja nyumbani kukuona, weye ukakaa na kinu. Kisha minye nikaona haujue kitu." Alikaza kitambaa kichwani. "Nikanyamaza. Nilikuwa nimeisha kumupenda."

Watu wengine wangelia, au wangemkumbatia, au wangemtukana mjane kwenye mkeka wake. Mimi nilihisi wivu. Ulikuja mzima, wenye nguvu zile zile za ujana, na safari hii ulikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa sikumwonea tena msichana aliyependwa kunizidi. Nilimwonea aliyeishi maisha yaliyokuwa yamenuiwa yawe yangu. Na kwa kuwa wivu ni mchafu, ulitaka hata pale upate kitu cha kuondoka nacho. Nilitaka aniambie kwamba Kashindi hakupona jeraha la kunikosa, kwamba alinitaja usingizini.

"Na weye," nikamuuliza, "alikupenda?"

Mapendo alinitazama machoni. "Sana," akasema. "Usizanie kama ulimuacha na kidonda, yaya. Tulicheka na yeye mupaka juzi. Ile mwaka moja ndjo ilikuwa yako. Ingine yote iko yangu."

Nje walianza wimbo, na bibi akaamka na kuuliza kama chakula kimeiva. Nilitaka kumchukia, na nilipotafuta chuki nilikuta kwamba kwa mara ya kwanza tangu tulipolala chini ya chandarua kile, ameniambia jambo bila kunionea huruma. Chai ilikuwa inapoa mkononi. Nikapaza sauti kuelekea jikoni, na yule mwanamke wa karibu na mafiga akaja mlangoni akifuta mikono.

"Niletee sukari," nikamwambia.

Alimtazama Mapendo, akanitazama mimi. "Mama Amani, na ule ugonjwa?"

"Niletee sukari yangu."

Akaleta bakuli na kijiko. Mapendo alinyoosha mkono akalipokea, akanitilia yeye mwenyewe, kijiko baada ya kijiko, akinitazama nimwambie basi. Sikumwambia. Alipochoka kutia nilikoroga, nikanywa. Ilikuwa tamu mno, haikunyweka. Niliinywa hadi chini.